Vipuri mia tatu, nauza mia nne hamsini, mbona pesa siioni?

Wiki hii maswali yaliyoingia Muulize Ami karibu yote ni ya bei, na yatoka kwa watu wanaounda seti za elektroniki nyumbani baada ya kazi, wengine wanauzia majirani, wengine washaanza kuingia madukani. Naanza na la kijana wa Kisauni hapa Mombasa kwa sababu limebeba mengi ya hayo mengine.

SWALI: Salaam aleikum Ami. Mimi kazi yangu ya mchana ni nyengine lakini jioni naunda seti za kengele ya tangi la maji. Kwenye paketi naweka bodi, transista mbili za BC547, rezista nne, baza (ile inayolia), taa ya LED, swichi, klipu ya betri ya volti 9, skrubu mbili za stenlesi za kugusa maji na waya mita nne. Mteja anajilehemia mwenyewe nyumbani, maji yakifika juu kengele yalia anaenda kuzima pampu. Vipuri vyanigharimu kama 300 kwa seti nami nauza 450, kwa hivo faida ni 150. Zatoka vizuri tu, watu wa Bamburi na Mtopanga wanapiga simu, lakini kila mzigo ukiisha nikitaka kununua mwengine inabidi nitoe pesa kwa mshahara wangu, na mke wangu ashaanza kuuliza hii biashara ni biashara gani. Sasa Ami, nishushe bei niuze nyingi ama nipandishe? Nikipandisha naogopa wataniambia kwa hio pesa si bora ninunue iliyoundwa tayari. Kijana wa Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Usishushe bei, tafadhali, hata shilingi moja, na hio 150 unayoiita faida hebu tuitafute pamoja tuone iko wapi.

Chukua karatasi. Vipuri 300, sawa, hio ushaandika. Lakini seti haimfikii mtu ikiwa imeshikwa mkononi tu, yataka kiboksi cha karatasi (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 kwa hivo usianze kutafuta njia ya mkato hapo), yataka lebo, yataka karatasi ya maelezo iliyochapishwa ikasomeka, weka 30. Vipuri vyatoka Luthuli Avenue kule Nairobi vyaja na basi, ile pesa ya kutuma mzigo ukiigawanya kwa seti ni kama 15. Kisha kuna rezista zilizopotea, LED iliyokufa, baza iliyokuja bubu, swichi uliyomrudishia mtu bure, weka 15 nyengine. Tushafika 360 na bado hujakaa kitako.

Sasa ukikaa. Kuchambua rezista, kukata waya, kuhesabu kila paketi mara mbili ili mtu asifike nyumbani akakosa kipuri kimoja, kuchapisha, kufunga, kujibu simu, hayo yote weka saa ya simu yako upime ukweli wake. Mimi nimekukadiria dakika 24 kwa seti na naamini nimekuonea huruma. Fundi wa mjini ukimlipa 1,200 kwa siku ya saa nane ni 150 kwa saa, kwa hivo dakika 24 ni 60. Jumla 420. Umeme, bando, nauli, ncha za chuma cha kulehemu zinazochakaa ukijaribu seti za mfano, weka 20. Jumla 440.

Wauza 450. Faida yako ni shilingi kumi, na hio kumi ni kabla mtu mmoja hajapiga simu baza haikulia ukampelekea nyengine kwa boda. Ukiitumia ile 150 yote ukidhani ni faida, mzigo ukiisha lazima ukimbilie mshahara, yani kila anayenunua kengele wewe ndiye wamsaidia kuilipia, na pesa ya mkeo na watoto ndiyo inayotoka.

Kwa watengenezaji wadogo wa vifaa kuna hesabu iliyozoeleka sehemu nyingi: gharama yako yote izidishe kwa moja na nusu, hio ndiyo bei ya kumpa mwenye duka, naye mwenye duka azidishe tena kwa moja na nusu apate bei ya rafu. Ndio hio watu wanayoitaja wakisema zidisha kwa 2.25 ama 2.3. Kwako wewe 440 yawa 660, na kwenye rafu 990. Najua 990 imekushtua, na kwa kengele ya baza moja hata mimi naona ni nzito, lakini angalia vizuri kabla hujaikimbia hio hesabu, manake hapo ndipo yakuonyesha wapi pa kukata, na pa kukata si jasho lako.

Pa kukata ni waya. Katika 300 yako ya vipuri waya peke yake, nikikadiria kwa bei za hapa mjini, ni kama 80, kushinda bodi, kushinda baza. Na wamsaidia nani? Tangi la mmoja liko juu ya ghorofa ya nne, la mwengine liko kwenye stendi uani, mita nne zako kwa huyu hazifiki na kwa yule azikata azitupa. Toa huo waya. Weka vipande vifupi vya kujaribia mezani, vya shilingi 10, na kwenye maelezo andika aende hadweya yoyote karibu na kwake anunue waya mwembamba wa nyuzi mbili wa urefu wa tangi lake. Hapo gharama yashuka mpaka 370. Duka lipe kwa 550, kwenye rafu iwe 750, chini kidogo ya ile hesabu, mwenye duka apata 200 yake na wewe wapata 180 safi baada ya kujilipa.

Skrubu za stenlesi lakini usiziguse hata mtu akikushauri uweke misumari. Maji mengi ya visima hapa kwetu yana chumvi, na umeme wa betri wapita upande mmoja tu siku zote, kwa hivo chuma cha upande wa chanya huliwa polepole ndani ya maji, kopa tupu ndio kabisa haidumu. Wewe wajua hivo ndio ukaweka stenlesi. Mteja hajui. Basi mwambie! Iandike kwenye kiboksi, kwa nini skrubu hii na si nyengine, kwa nini transista mbili zimefuatana badala ya moja (umeme unaopita kwenye maji ni kidogo mno, ya kwanza yaukuza, ya pili yaukuza tena ndio baza yalia). Mtu akielewa amelipia nini hakwambii ni ghali.

Na duka ukiliuzia 550 basi wewe mwenyewe ukimuuzia mtu mkononi uza 750 ile ile. Vijana wengi waharibu hapa, wampelekea mzee wa duka mali halafu mtaani wauza kwa bei ya jumla, mwenye duka akijua akurudishia mzigo wako siku hio hio na ana haki. Tena ile tofauti si ya bure, kumuuzia mtu mmoja mmoja kwala wakati, wamngoja pale Mwembe Tayari nusu saa, wamuelezea, akupigia usiku. Hio ndiyo kazi mwenye duka alikuwa akufanyie.

Kuhusu mali kauli nakuonya kidogo. Duka likikwambia acha seti kumi tukiuza tutakulipa, hesabu kwamba pesa yako imekaa kwao bila kazi, na hewa yetu ya bahari haingoji mtu, miguu ya vipuri iliyokaa sana kwenye unyevu huu yapata kutu nyembamba na lehemu haishiki, mnunuzi ataona seti ni mbovu kumbe imezeeka rafuni. Wape chache, andikeni siku ya kuhesabiana, na zilizokaa sana zichukue ubadilishe.

Umeuliza pia kuhusu iliyoundwa tayari. Ni kweli, ipo, na ukishindana nayo kwa bei utashindwa. Kule Marekani palikuwa na kampuni ya Heathkit, Benton Harbor, Michigan, mwaka 1947 ilianza kuuza osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo) ya kujiundia kwa chini ya dola 50, kwa kutumia vipuri vilivyobaki vya vita, wakati iliyoundwa tayari ilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Watu walinunua kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi. Baadaye mashine za viwandani zikaanza kupanga vipuri kwenye bodi kwa bei ambayo mkono hauiwezi, ile nafuu ikaisha, na 1992 Heathkit ikaacha seti. Lakini waliozinunua mpaka leo wakikaa wanazungumzia vitabu vya maelezo, hatua moja moja, na kisanduku cha kutia alama ukimaliza. Basi wewe leo wauza hio, wauza mzazi kukaa na mwanawe jioni wakaunda kitu na kikalia. Hio karatasi yako ya maelezo itie picha, itie rangi za rezista, iwe ndicho kitu kizuri kuliko vyote ndani ya kiboksi.

Jamaa na majirani nao. Ukitaka kumpa binamu mpe bure kabisa, kwa moyo, ujue umetoa zawadi. Usimuuzie kwa 400, kwa sababu kesho hio 400 iko kwenye grupu la familia na kila anayekuja ataanza kuhesabia hapo. Bei mpya ianze na mzigo mpya na kiboksi kipya, zilizobaki za 450 zimalize kwanza.

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi nauza seti za taa ya usiku inayojiwasha yenyewe giza likiingia. Bodi naagiza China, mia moja zilikuwa dola 25 kwa hivo bodi moja ni kama shilingi 32, hio ndio naandika kwenye hesabu. Duka moja la mjini limeniambia lataka asilimia 30, nikaongeza 30 juu ya gharama yangu nikawapa hio bei waweke kwenye rafu, wakasema haitoshi. Nimekosea wapi? Dada wa Likoni.

JIBU: Marahaba binti yangu. Ni mahali pawili, na pote parekebishika.

Bodi kwanza. Dola 25 ni bei ya bodi zikiwa bado China. Uliponiandikia mara ya pili nikakuuliza umelipa jumla gani mpaka zikafika mkononi mwako, ukasema usafirishaji ulikuwa dola 22 na pamoja na ushuru, VAT na ada za kutolea mzigo ulimaliza kama 8,000. Basi bodi moja ni 80, si 32. VAT ya hapa ni asilimia 16 na haihesabiwi kwa bei ya bidhaa peke yake, waongeza na usafiri na ushuru ndio wapiga hio 16, halafu ziko ada za forodha za tamko na ya reli, kwa hivo mtu akikuhadithia bei ya mtandaoni msikilize tu lakini usiiandike. Andika iliyofika mlangoni. Na ukiandika, tumia bei ya mzigo UNAOKUJA. Mwanzo wa 2024 dola ilipita shilingi 160, miezi michache baadaye ikawa kama 130. Aliyekuwa akiuza kwa hesabu ya dola ya zamani wakati yapanda, akirudi kuagiza pesa haikutosha. Seti ikitoka dukani lazima iache pesa ya kununua nyengine mfano wake kwa bei ya leo.

Sasa asilimia 30. Wewe umeihesabu juu ya gharama, mwenye duka aihesabu kutoka kwa bei ya rafu, na hizo ni pesa mbili tofauti. Tuseme wewe wampa seti kwa 500. Ukiongeza asilimia 30 wapata 650, na 150 katika 650 ni kama asilimia 23 tu, ndio manake alikataa. Ili abaki na 30 ya anachouza, chukua 500 ugawanye kwa 0.7, yaja 714, kwenye rafu iandikwe 720 na kila mtu alale salama. Tena angalia hio 500 iwe ina faida yako ndani, isiwe ndiyo gharama yenyewe, manake kwa barua yako naona uliongeza hio 30 ya duka lakini yako mwenyewe sikuiona popote.

SWALI: Ami, mimi mwanafunzi wa chuo hapa Tudor, nauza seti ya taa zinazomeremeta kwa aisi (chipu) ya 555. Rejareja ni 400, mwenye duka nampa kwa 300, gharama yangu yote ni 210 na ndani yake vipuri ni 150. Shule moja yataka seti 40 za wanafunzi wa junia sekondari lakini mwalimu mkuu asema nikiwauzia 200 ndio atachukua, na pesa atatoa wakishapokea. Nifanyeje, ni mzigo mkubwa sijawahi kupata. Mwanafunzi wa Tudor.

JIBU: Mzigo mkubwa wa hasara ni hasara kubwa mwanangu. Kwa 200 wapoteza shilingi kumi kwa kila seti, 400 kwa jumla, na usiku kadhaa wa kuhesabu rezista juu yake.

Punguzo ni haki yao kwa sababu kweli wakupunguzia kazi, wapeleka mara moja, waelezea mara moja, hakuna duka la kugawana nalo. Basi wape bei ya duka, 300, jumla 12,000. Wakikaza sana shuka mpaka 280 ukikubaliana kwamba walimu ndio watakaokusanya maswali ya watoto wakupigie wao, si watoto arubaini kila mmoja kivyake. Chini ya hapo shukuru uondoke, na uondoke kwa heshima kwa sababu muhula ujao wanaweza kukuita.

Arbuni lazima. Vipuri vya seti 40 ni 6,000, hio ndiyo arbuni yako, kabla hujanunua rezista hata moja. Waeleze bila haya kwamba wewe ni mwanafunzi na huna mtaji wa kuikopesha shule, watu wazima wanaelewa wakiambiwa vizuri. Uliza mapema pia kama watataka risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya watu wa kodi wa KRA, taasisi nyingi saivi haziwezi kulipa bila hio, na ukijua siku ya malipo utangoja sana.

Na katika hio bei weka aisi kadhaa na LED za ziada, uzikabidhi kwa mwalimu kwenye bahasha yao. 555 iko sokoni tangu 1972, ni ya bei ndogo na yavumilia mengi, lakini mtoto akigeuza betri nyaya za chanya na hasi yaungua, na katika darasa la watoto arubaini kuna watakaogeuza. Huyo mtoto asikae akiangalia za wenzake zikimeremeta yeye yake imekufa. Nakusihi sana kuhusu hio bahasha, kwangu ni muhimu kushinda bei yenyewe.

SWALI: Salaam Ami, nimesoma kuhusu hizi kengele za tangi, mimi nataka nitoe seti ya swichi inayozima pampu yenyewe, yani relei inakata stima ya 240 maji yakijaa. Hio watu watalipa hata elfu tatu. Niweke bei gani? Fundi wa Mtwapa.

JIBU: Usiiuze kama seti ya kujiundia, kwa bei yoyote. Wazungumzia volti 240 na maji mahali pamoja, mikononi mwa mtu usiyemjua, aliyelehemu kwa mara ya kwanza jana usiku. Kiunganishi kimoja kibaya na skrubu za kwenye tangi zinabeba stima, na tangi hilo ndilo watoto waogea.

Kama una leseni ya kazi za umeme ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, uza kazi, nenda mwenyewe ukamfungie mtu kifaa kilichokaguliwa chenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, na mlipishe ufundi wako, hio elfu tatu utaipata kwa halali na utalala. Kama huna leseni shirikiana na aliye nayo mgawane. Seti za kujiundia baki na betri, volti 9 mwisho 12. Kama wapenda hio ya pampu basi toa ya betri inayompigia mtu kengele chumbani aende akazime kwa mkono wake, na mwenzio wa Kisauni hapo juu keshakuonyesha hesabu yake.